Bibi na Ndugu za Yusufu

Wameniambia mchwa wameimaliza ile picha. Kijana aliyeniletea habari alizungumza kwa adabu kama mtu anayetoa pole ya msiba, na mwishowe akasema si hasara kubwa, maana ilikuwa nyeusi na ya kutisha, na waumini wa siku hizi wanapenda rangi zinazong'aa. Tayari wameshatundika nyingine yenye kioo. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikakaa jikoni na hasira zangu. Mtoto wa juzi hawezi kunifundisha kipi ni hasara. Wenzangu tuliokua pamoja Tabora mtaikumbuka: ilikuwa ukutani upande wa wanawake, karibu na mlango wa sakristia, na wengi wenu mliikimbia mkaenda kukaa mbele. Mimi nilikaa chini yake kila Jumapili nikiwa na Bibi yangu, na ubishi wote nilio nao, ambao mume wangu marehemu aliulalamikia mpaka anaingia kaburini, niliupata pale.

Ilikuwa picha ya Yusufu akiuzwa na ndugu zake, ingawa sikujua hivyo. Haikuwa karatasi. Ilikuwa turubai iliyopakwa rangi za mafuta huko Ulaya, zamani sana, kubwa kupita mlango, na wazee walisema wapagazi waliibeba kutoka pwani kabla ya reli, imeviringishwa kwenye mti na kufungwa kama maiti. Ilinuka mafuta yaliyochacha na moshi wa ubani. Karibu yote ilikuwa giza, giza la jikoni mlango ukiwa umefungwa, na mwanga uliingia kutoka upande mmoja tu ukaangukia vitu vichache: bega la mtoto anayevutwa kutoka kisimani, mkono wa mfanyabiashara mwenye kilemba, nyayo chafu za mtu aliyepiga magoti, na nguo nyekundu iliyoshikwa na mmoja wa wale ndugu. Wengine walionekana nusu nusu. Mmoja, pembeni kabisa, alikuwa amegeuza uso, ukaona sikio na shavu tu.

Mimi nilijua ni picha ya Bibi yangu.

Msinicheke. Bibi Nyamizi ndiye aliyemzaa mama yangu, na mama alipofariki akanilea yeye, maana baba alikuwa mtu wa reli, leo yuko Bukene, kesho hajulikani alipo. Na Bibi alikuwa akisema "nilipouzwa" kama wanawake wengine wanavyosema "nilipoolewa." Anachambua nsansa, yale majani makavu ya kunde, huku anasimulia: nilipouzwa, mtama ulikuwa umekauka shambani, nilipouzwa, nilikuwa sijaota tena meno ya mbele. Kwao kulikuwa Urambo. Asubuhi moja kaka yake, Maganga, alimwambia waende kisimani, na kisimani palikuwa na msafara umepumzika. Maganga alirudi peke yake, na nguo mkononi. Msafara ulikuwa unakwenda pwani, lakini ulipofika Tabora Bibi aliugua, akaachwa kwenye nyumba ya watu, akakulia humo, akaja kuachwa huru, akaolewa na mpagazi. Watu wakimwuliza kwa nini hakurudi kwao, na Urambo si mbali, alijibu, "Nirudi kwa nani? Aliyeniuza ndiye mrithi wa nyumba."

Sasa mchukueni mtoto aliyelelewa na maneno hayo, mwekeni chini ya picha ile. Kisima kipo. Msafara upo. Nguo ipo, tena imeshikwa juu kila mtu aione, ndiyo bei yenyewe. Na kaka mtu yupo pembeni, anaona haya. Kwamba mtoto wa kisimani alikuwa mweupe haikunisumbua hata kidogo, kwa kuwa wazungu walimpaka rangi yao kila mtu, hata malaika. Na yule mwenye kilemba nilimjua kabisa: alikuwa Mzee Salum, fundi cherehani, jirani yetu pale Mtendeni. Ndevu zile zile, pua ile ile. Nikaacha kumwamkia.

Siku moja alipoona nampita kimya, aliniita barazani kwake.

"Binti, siku hizi shikamoo zimekwisha nyumbani kwenu?"

"Nimekuona kanisani," nikasema.

"Mimi? Kanisani?"

"Ukutani. Unamnunua Bibi."

Mzee Salum aliweka mkasi chini. Jioni alikuja kwetu, akamweleza Bibi nilichosema, na Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Salum hakucheka. Alisema babu zake walikuwa mafundi tu, lakini hakuna nyumba ya zamani mjini ambayo haikununua kitu kilichopita njiani, na kama mtoto ameona ndevu zake pale, ameona. Bibi alimtengea uji. Kesho yake nilimwamkia shikamoo kama kawaida, naye akaitikia marahaba ndefu zaidi ya siku zote.

Bibi alikuwa hajabatizwa. Mama yangu alizikwa kwenye makaburi ya misheni, na Bibi alitaka kulala karibu naye, basi akaingia darasa la wakatekumeni, mwanamke mzima mwenye mvi anakaa mkekani na vijana wanaotafuta kuoa. Aliyefundisha ni Mwalimu Klementi, katekista, mtu wa Urambo naye. Hakuwa mbaya. Alikuwa na sauti nzuri na aliipenda, na alipenda mambo yaishe vizuri. Ndiye aliyetueleza siku moja, fimbo ikigusa turubai, kwamba yule mtoto ni Yusufu, nguo ile ni joho lake alilovuliwa na ndugu zake, na kwamba mwisho wa yote Yusufu akawa mkubwa huko Misri, akawakumbatia ndugu zake, akawasamehe.

Nilikasirika. Nilihisi amechukua picha yetu akawapa watu wengine. Nilimwambia Bibi njiani kwamba Mwalimu ni mwongo.

"Si mwongo," alisema. "Lakini amekimbia. Kutoka kisimani mpaka kukumbatiana ni mbali. Wewe mke mwenzangu unajua kusoma. Kaombe kitabu."

Nilileta kitabu cha masomo ya Agano la Kale, nikamsomea jioni baada ya jioni, kibatari kikitutoa machozi. Ikadhihirika kuwa Bibi alikuwa sahihi. Ndugu za Yusufu walipokuja Misri kutafuta nafaka, yeye hakuwakumbatia. Alijifanya hawajui. Alisema nao kwa mkalimani, kwa ukali. Aliwatia gerezani, akambakiza mmoja, akawarudisha walikotoka. Ndipo wao kwa wao, wakidhani haelewi lugha yao, wakaanza kusema: haya yametupata kwa sababu ya mdogo wetu, tulimwona akitulilia tusimsikilize. Na Yusufu akageuka pembeni akalia.

"Simama hapo," Bibi alisema. "Rudia."

Nilirudia.

"Kwa hiyo wao walisema kwanza."

"Ndiyo, Bibi."

"Mwalimu hakutuambia hilo." Akapuliza kibatari, tukalala.

Kwaresima ilipokuwa inaelekea mwisho, Mwalimu Klementi alikuja nyumbani amevaa kanzu nyeupe, na nyuma yake mzee aliyeshika kuku kwa miguu na kibuyu cha asali kwapani. Alikuwa mfupi, mcheshi, hana meno ya juu. Nilitazama uso wake wote, mbele na pembeni, na sikumjua. Mwalimu akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Mama Nyamizi, Mungu amekuletea kaka yako Maganga." Na mimi nilishangaa kuwa anaweza kututazama, kwa sababu nilidhani mtu yule uso wake umegeukia pembeni maisha yote.

"Mwangaluka, mdogo wangu," mzee aliamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka," Bibi alijibu. Hakuinuka. Alinituma mkeka.

Mwalimu alieleza. Katika safari zake za Urambo aliisikia habari ya mzee huyu, Mkristo wa misheni nyingine lakini mtu wa sala, aliyempoteza dada yake utotoni. Akaunganisha mambo. Sasa Pasaka imekaribia, na mtu hawezi kuingia majini na kinyongo kifuani. Alitaka wapatane leo hapa, na Jumapili wasimame wote wawili chini ya picha, watu waone. Aliposema watu waone, macho yake yaling'aa.

Kisha Maganga akatoa lake, kwa sauti ya chini. Mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kwanza, alikuwa anadhoofu, hali, hachezi. Kwetu, mgonjwa wa namna hiyo akikataa kupona, huulizwa ni ndugu gani ana jambo moyoni. Na huyo akikubali huchukua maji kinywani, akayapuliza kama ukungu, akatamka kwamba kifua chake ni cheupe. Ukishapuliza huna tena unachodai. Mwalimu Klementi alikohoa, maana kanisa halikuwa na desturi hiyo, halafu akasema, "Maji ni maji."

Bibi aliniambia nilete maji katika kata. Nikayaleta, nikakaa karibu naye.

"Haya, sema," alimwambia kaka yake. "Nipulize nini?"

"Mdogo wangu, siku zile zilikuwa mbaya. Njaa ilituvamia. Tukaenda kisimani, ukapotea."

"Nikapotea."

"Ukapotea. Nilikutafuta sana."

"Umesikia, Mwalimu? Nilipotea."

"Mama, yaliyopita yamepita," Mwalimu alisema. "Yusufu hakuwauliza ndugu zake maswali."

"Aliwafunga," Bibi alisema.

Kuku alikuwa anahema kando ya mkeka. Maganga akanigeukia mimi, kama wazee wafanyavyo mazungumzo yakikwama, akatabasamu kwa ufizi. "Na huyu ndiye mchumba wangu? Mbona hamkuniambia nina mchumba mzuri hivi, ningekuja na ng'ombe."

Mnajua desturi. Mjukuu na babu ni watani. Mjukuu ana ruhusa ya kusema lolote, na babu hana ruhusa ya kukasirika, lazima arudishe utani. Nami nilikuwa na swali moja tu, lililonisumbua tangu Mwalimu aguse turubai kwa fimbo.

"Babu," nikasema, "ile nguo waliyokupa, ilikuwa nyekundu kweli kama ya kwenye picha?"

"Nyekundu wapi, mchumba," alisema akicheka, "nyekundu nani angempa mtoto wa maskini? Ilikuwa kaniki tu, tena imetoboka..."

Akakoma. Kicheko kilikuwa bado usoni lakini hakikuwa na mwenyewe.

"Endelea," Bibi alisema. "Imetoboka wapi?"

Mwalimu alianza kusema kitu, Bibi akamnyooshea kiganja.

"Begani," Maganga alisema.

"Aliivaa nani?"

"Mama."

"Alijua imetoka wapi?"

"Nilimwambia nimebeba mzigo wa msafara, wakanilipa."

"Na mimi ulisema niko wapi?"

Alitazama kuku, alitazama mlango. Halafu mzee yule akageuza uso kwenye ukuta wetu wa udongo, na kwa mara ya kwanza nikamtambua.

"Nilisema fisi," alisema.

"Kwa hiyo mama alinilia matanga akiwa amevaa bei yangu."

Bibi alichukua kata, akajaza kinywa. Maganga alisikia maji, akageuka upesi, akafumba macho na kusogeza uso mbele apate ukungu. Mwalimu alikuwa amefumbata mikono. Mimi nilikuwa karibu kabisa, nikasikia koo la Bibi. Alimeza.

"Maji matamu," alisema. "Nilikuwa na kiu."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye dakika ile. Nawaambia leo, na mimi nimekwisha kuwa bibi wa watu: wengi wameniomba niseme yamekwisha kabla hawajasema yalikuwa nini, mume, wakwe, hata wenyeviti, na kila mara nimelisikia lile koo.

"Nenda kwako Urambo," alimwambia. "Waite wanao, waite wakwe, uwaambie ulivyoniambia mimi. Hao watoto wananijua kama chakula cha fisi. Ukishasema, mlete mgonjwa, nitampuliza siku hiyo hiyo, yeye hana kosa. Nawe uje tuongee habari zako."

Maganga aliapa kwamba atasema. Kuku Bibi alimrudishia. Asali aliipokea, akisema nyuki hawahusiki. Mwalimu Klementi alibaki nyuma, amefedheheka, na pale mlangoni akasema jina la Mama Nyamizi hatalipeleka kwa Padri Pasaka hii.

"Usilipeleke," Bibi alisema. "Lakini somo uliloliruka, uwasomee wale vijana."

Pasaka ile alikaa chini ya picha akiwatazama wenzake wakipita na mishumaa. Nililia, yeye hakulia. Alikuja kubatizwa miaka ya baadaye, na padri mwingine, ambaye hakumwuliza habari za kaka yake, na sasa amelala hatua chache kutoka kwa mama. Lakini mwaka ule alingoja tu. Mtama ulivunwa, ukapigwa, ukaingia ghalani, na kutoka Urambo hakuja mtu. Kila gari la moshi la kutoka magharibi likipiga honi, aliinua kichwa kidogo kisha akaendelea na kazi yake.

Habari aliileta baba: mzee Maganga amekufa, atazikwa kesho. Bibi alifunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akaniambia nivae gauni la kanisani.

Tulifika siku moja baada ya mazishi. Watu walikuwa wamejaa uani, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mjukuu mmoja mkubwa alikuwa amevaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake na kuomba ugoro kama alivyokuwa akiomba, watu wanacheka na kufuta machozi, kama ilivyo kwetu, ambapo msiba usio na watani huonekana mkavu. Tukakaa na wanawake. Hakuna aliyetuuliza. Kisha mwana wa kwanza wa marehemu akasimama, utani ukatulia, akaanza kueleza maisha ya baba yake: alivyofuga nyuki, alivyolima, alivyosali. Na kwamba tangu utoto alikuwa na uchungu mmoja, wa dada yake aliyeliwa na fisi njiani kwenda kisimani, na uchungu huo aliubeba mpaka kaburini.

Nilimtazama Bibi. Maganga hakuwa amesema, basi. Alirudi nyumbani, akakaa na watoto wake mavuno mazima, mgonjwa akidhoofu mbele yake, na bado hakusema.

Bibi aliinuka. "Niliyeliwa na fisi ni mimi," alisema.

Watu walipasuka kicheko. Mtu mmoja akasema mtani wa kutoka Tabora amefika, mpeni pombe.

"Na fisi mwenyewe mmemzika jana."

Walicheka zaidi, yule mjukuu mwenye kofia alijipiga paja. Bibi aliwaacha. Alisimama pale, mdogo, mgongo umenyooka, mikono imeachiliwa, mpaka kicheko kilipochoka chenyewe. Ndipo akataja jina la mama yake. Akataja kisima, na jiwe lililokuwa mdomoni mwa kisima. Akasema habari ya kaniki iliyotoboka begani, na nani alipewa, na kwa sababu gani. Alisema polepole, kwa Kinyamwezi, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Kutoka kundi la wanawake, mjane wa Maganga, aliyekuwa amekaa chini amejifunika, aliinua kichwa. "Hiyo kaniki nilimvua mimi," alisema. "Siku tulipomwosha mama mkwe. Ilikuwa imeshonwa begani. Hakukubali kuvaa nyingine."

Yule mjukuu alivua kofia. Mwana wa marehemu alikuwa bado amesimama na maneno yake mkononi hana pa kuyaweka.

"Mama," alisema, "wewe ni nani?"

"Ni shangazi yako. Mgonjwa yuko wapi?"

Walimleta mtoto, mwepesi, macho makubwa, shingo kama utepe. Bibi aliomba maji. Safari hii aliyapuliza, mara ya kwanza usoni, mara ya pili kifuani, na mtoto akapiga chafya. Wengine walisogea na watoto wao, akawapuliza wote waliosogea. Mtu mzima mmoja alitaka kumwongoza kaburini akapulize na huko. Bibi alifunga kitambaa chake cha michembe, akasema gari la moshi halingoji mtu.

Sikujua kama yule mtoto alipona kwa maji au kwa dawa ya hospitali, lakini alipona, na aliwahi kuja kwetu Mtendeni akiwa kijana, akamwita Bibi shangazi ya baba yake mbele za watu. Siku ile stesheni tulikaa chini ukutani, tunatafuna, reli inameta. Nilikuwa na darasa la Mwalimu Klementi kichwani, na Pasaka nyingine mbele, nikaona ni lazima niulize.

"Bibi, sasa umemsamehe?"

Alitafuna kwanza mpaka akameza.

"Huyo atajijua na Mungu wake," alisema. "Mimi nimemrudisha yule mtoto wa kisimani kwao. Mama alimlilia bure."